Idara ya Magunia, Mnyambe

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Leo nimekuwa mkuu wa idara. Hakuna aliyeniteua. Sikuwa na muda wa kusubiri.

Ilikuwa hivi. Mshenga kaja kutoka Lisekese kumposa binti yangu Winfrida. Kauliza kwa adabu baba wa binti anafanya kazi gani. Mimi mwaka wa kumi na tisa huu nashona midomo ya magunia ya korosho katika ghala la chama chetu cha msingi. Hakuna gunia langu lililowahi kufumuka. Labda lile la mwaka juzi, na lile lilirushwa vibaya. Lakini ulimi ukatangulia. Nikasema mimi Nikolao ni mkuu wa idara. Mshenga akaandika! Jumamosi baba wa kijana, Mzee Cuthbert, anapanda huku kutuona sisi na hiyo idara.

Mke wangu Yuliana kasema nimkimbilie mshenga nimwambie ukweli, la sivyo Winfrida ataitwa binti wa mwongo na posa itavunjika. Nimemjibu ukweli nitautengeneza kabla ya Jumamosi. Siku tano. Mungu alitumia sita, na kazi yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda kwa Mwalimu Pendo kuulizia maneno. Kasema kubwa ni kurugenzi. Chini yake idara. Chini ya idara, vitengo. Na sehemu ni neno la mtu asiyejua aite nini. Nikauliza sisi washonaji wanne wa ghalani ni nini. Kafikiri sana. Kasema labda kikundi.

Mwalimu mzuri, ila haoni mbali. Hata hivyo jambo moja nimeondoka nalo: ukiwa na vitengo chini yako, wewe ni idara, watake wasitake. Muharami wa mizani, anayeringa kwa sababu mizani yake inawaka taa, hana kitengo hata kimoja.

Jumatano, 6 Novemba

Nimegawa vyeo. Nasibu, mkuu wa Kitengo cha Sindano. Awadhi, mkuu wa Kitengo cha Uzi. Bi Adija, mkuu wa Kitengo cha Magunia Matupu. Wamefurahi mno. Awadhi kakimbia nyumbani kubadili shati.

Kibao nimeandika mwenyewe kwa mkaa: IDARA. Nafasi ya maneno mengine iliisha. Inatosha. Muharami kapita, kauliza idara ya nini. Nikamwambia aombe miadi.

Katibu wa chama, Faudhia, kaniamkia shikamoo babu. Kasema kibao hakimsumbui, mradi lori la Jumamosi likute magunia mia mbili yameshonwa. Nikamjibu marahaba, idara imepokea.

Ijumaa, 8 Novemba

Tangu juzi tumeshona magunia kumi na moja. Si uvivu. Ni utaratibu.

Awadhi anakata uzi vizuri, lakini kasema kuutia kwenye sindano si kazi ya kitengo chake. Nasibu kasema sindano ni yake, ila kinachopita ndani ni mali ya Uzi. Basi tundu la sindano ni la nani? Wamebishana kuanzia chai mpaka adhuhuri. Bi Adija kasema yeye anahusika na magunia matupu tu, likijaa limeshamtoka mikononi. Kasema hayo kalikalia lililojaa, anakula muhogo.

Ningeshona mwenyewe. Lakini mkuu wa idara ashike sindano, Muharami anaangalia? Nimeitisha kikao. Kikao kimeamua kesho kuwe na kikao.

Jumamosi, 9 Novemba

Lori limefika saa tatu. Mzee Cuthbert kafika nyuma yake na mshenga, koti jeusi joto lote hili. Yuliana kawaleta ghalani. Wakakuta wakuu wanne kwenye viti, na magunia mia moja themanini na tisa midomo wazi. Dereva anapiga honi. Faudhia kasema lori likiondoka tupu, sote wanne tukalime. Muharami kaja kutazama, na kiti chake kaja nacho.

Mzee Cuthbert kauliza mkuu wa idara ni yupi.

Nikasimama. Maneno yote ya Mwalimu Pendo yakanitoka. Nikamnyang'anya Nasibu sindano, nikamnyang'anya Awadhi uzi, nikatia, nikakaa chini nikashona. La kwanza. La pili. La tatu.

Mzee Cuthbert kainama. Kauvuta mshono wa tatu kwa mikono miwili. Haukutikisika. Akavua koti, akampa mshenga alishike.

"Mkwe," akasema, "nyumbani walinitisha. Eti naenda kwa mtu wa ofisini, nisiongee sana. Nipe na mimi sindano."

Tukashona. Wakuu wa vitengo waliona aibu wakashona. Yuliana kashona. Muharami kacheka mpaka akachoka, naye akashona, mshono umepinda kama njia ya mbuzi. Wa mkwe nao umepinda, nimefumua magunia yake mawili kimyakimya nikayashona upya. Saa tisa lori limeondoka na mia mbili kamili, sisi tunaimba na dereva anaitikia kwa honi.

Nyumbani, wali na kuku. Mzee Cuthbert kasema kama binti kalelewa na mkono ule, wanamchukua. Winfrida kakimbilia jikoni. Tumesikia sufuria zikianguka na yeye akicheka.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani nimetafakari, hasa wakati wa mahubiri. Kosa nimeliona. Vitengo vilikuwa vichache. Kungekuwa na Kitengo cha Tundu, ugomvi ungetoka wapi?

Mkwe kanitia kwenye kamati ya harusi. Nimekagua. Watu sita, idara hakuna! Wanapika tu, wanapanga viti tu, kila mmoja anashika kila kitu. Nimeshamteua Yuliana kuwa mkurugenzi wa wali. Nitamwambia akishapakua.