Jogoo wa Ridhaa

Kificho alizoea kusema Bismillahi kabla ya kila jambo, na tabu yake ilikuwa hapo hapo: hakujua kama inafaa kuisema kabla ya utapeli. Siku ile aliikata katikati. Alisema "Bismi...", akameza iliyobaki, akasogea karibu na dirisha la msajili ili asikie vizuri.

Chuo kilikuwa Gombani, si mbali na uwanja wa mpira. Kificho, mwenye mvi za kutosha kuitwa mkwe, alisoma pale masomo ya jioni ya uongozi wa ofisi. Dirishani alisimama Mzee Bakar, mkulima wa karafuu kutoka Mtambile, kofia imekaa upande kwa hasira.

"Bi Konsolata, mie ndiye babake Haitham. Nimemzaa mie, nnamsomesha mie. Matokeo yake nikayaulize kwa jirani?"

"Mzee wangu," alijibu msajili, mama mpole aliyehamia kutoka Bara miaka mingi nyuma, "rekodi za mwanafunzi ni zake mwenyewe. Haitham ni mtu mzima. Ukitaka nikuonyeshe, nipate kwanza ridhaa yake."

"Nipate radhi yake?" Mzee Bakar alishika nondo za dirisha. "Ya Rabbi! Mtoto ndiye huomba radhi kwa mzee. Leo mzee akaombe radhi kwa mtoto? Kiyama ki mlangoni, na karafuu zangu bado hazijakauka!"

"Ridhaa, mzee. Si radhi."

"Ndiyo hiyo hiyo, umeivisha nguo za ofisi tu."

Kificho aliposikia hayo, moyo wake ulicheza. Kati ya radhi na ridhaa aliona mwanya, na yeye, kwa wembamba wake, hajapata kuona mwanya asiopenya. Alimfuata mzee hadi nje.

"Assalamu alaykum, Mzee Bakar. Mimi ni Wakala wa Ridhaa."

"Wakala wa nini?"

"Wa ridhaa. Wewe na ndevu zako umwinamie mwanao? Haifai! Mimi namwendea kwa niaba yako, namwuliza kwa adabu. Akinyamaza, ameridhia. Hukusikia mashehe wakisema mwari akiposwa, kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake?"

"Nimesikia."

"Basi vijana wa leo ukiwauliza habari za masomo, si wote hunyamaza?"

Hilo lilikuwa kweli, na Mzee Bakar, kama mzazi yeyote, alitikisa kichwa kukubali.

Kificho hakutaka pesa. Pesa, alisema, huharibu nia. Alitaka hadiya tu, jogoo mmoja, na kwa kuwa hadiya ni jambo jema katika dini, aliondoka akijiona karibu mcha Mungu.

Hakumwuliza Haitham kitu, wala rekodi hakuiona hata kwa mbali. Alikaa barazani kwake, akafumba macho kama anayesoma nyuradi, akafumbua na matokeo tayari: Haitham kaongoza darasa. Hapo Kificho aligundua elimu ambayo chuoni hawaifundishi, kwamba mzazi hadai ushahidi wa habari njema. Sifa zake zikaenea. Jogoo wakaja kwa miguu iliyofungwa, kutoka Mtambile na kwingineko. Mmoja alivuka bahari kutoka Makoongwe, akafika kichwa kimemlegea kwa kichefuchefu.

Jogoo hao aliwapeleka kwa Bi Mwanapili, na hapo ndipo penye roho ya Kificho. Bi Mwanapili aliuza chapati na supu nyuma ya uwanja. Alikuwa mtalaka, na Kificho alimtaka kwa ndoa kama mgonjwa anavyoitaka afya. Lakini mwanamke alishaweka sharti: "Mume wa kwanza alinioa kwa maneno. Wa pili, mpaka nione amefaulu kitu."

Kificho alimwambia kwamba mitihani yote kafaulu. Alipoombwa aonyeshe, alinyoosha mgongo. "Rekodi za mwanafunzi ni siri yake, Bi Mwanapili. Hiyo ni haki yangu." Sijui kama yuko mtu aliyewahi kuitetea haki asubuhi kwa ushujaa ule, kisha jioni akaiuza kwa jogoo.

Siku alipomkabidhi jogoo wa Mzee Bakar, Bi Mwanapili alimwinua, akamtazama kidole cha mguu kilichopinda.

"Huyu umempata wapi?"

"Nimemfuga mwenyewe, tangu kifaranga."

"Lo! Tangu kifaranga."

Kidole kile kilibanwa na mlango wa banda la Bi Mwanapili mwenyewe. Ndiye aliyekifunga kijiti, na jogoo alipokua akampelekea mjomba wake Mtambile, zawadi ya Idi. Mjomba huyo ndiye Mzee Bakar. Bi Mwanapili alinyamaza. Kificho akaona hayo ni mapenzi, maana alikuwa muumini mkubwa wa kimya.

Wiki ile ile Bi Mwanapili alifunga biashara mchana, akamwambia, "Vaa kanzu, twende chuoni." Njia nzima Kificho alikuwa akipanga nani atakuwa shahidi wa ndoa. Dirishani akamkuta Mzee Bakar, na kando yake Haitham, kijana mrefu, macho chini.

"Ndiye huyo wakala!" alisema Mzee Bakar. "Nimealika watu waje kula kwa kuwa mwanangu kaongoza. Sahani mkononi, kijana ananambia, 'Baba, nimepata sapu.' Nikamwambia tulia, supu yaja, iko jikoni!"

"Sapu, baba. Mtihani wa kurudia."

"Sasa najua! Wakati ule nilikuita mlafi mbele ya wageni."

Haitham aliinua macho. "Nilitaka kumwambia mwenyewe, Mzee Kificho. Nilikuwa natafuta siku nzuri. Siku yangu umenichukulia wewe."

Kificho alikuwa na jibu kwa kila mtu duniani. Kwa kijana yule aliinamisha macho, akanyoosha kanzu isiyokuwa na mkunjo.

"Bi Konsolata," alisema Bi Mwanapili, "tuonyeshe basi na matokeo ya wakala."

"Sionyeshi."

"Hata ya tapeli?"

"Tapeli naye ni mwanafunzi wangu. Mpaka aridhie."

Wote wakamgeukia. Kificho akanyamaza.

"Kanyamaza!" Mzee Bakar alipiga makofi. "Karidhia!"

"Kwenye dirisha hili kimya si ridhaa, mzee. Kificho, ukikataa nafunga dirisha, na hakuna atakayekuuliza sababu."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa, na kilichotakiwa ni neno moja tu. Kificho alimtazama Bi Mwanapili. Hakuwa akicheka, alikuwa akingoja, kama mtu aliyewahi kungoja ukweli siku nyingi bila kuletewa. Kificho alisema Bismillahi, mara hii mpaka mwisho wake.

"Nimeridhia."

Bi Konsolata akasoma. Sapu. Sapu. Sapu tena. "Na Maadili ya Kazi hakufanya. Alituletea taarifa kwamba amefiwa na shangazi yake, Bi Asma."

"Bi Asma?" alishangaa Bi Mwanapili. "Leo asubuhi kanunua chapati kwangu, na kalalamika ni ngumu."

Ijumaa baada ya sala, Bi Mwanapili aliwaita wenye jogoo wote pamoja na watoto wao. Jogoo waliingia sufuriani, isipokuwa mwenye kidole kilichopinda. Kila kijana alimweleza mzazi wake matokeo yake mwenyewe, kwa kinywa chake. Wengine walicheka, mmoja alilia, baba yake akamsogezea paja la kuku. Kificho ndiye aliyepita na birika akiwanawisha mikono. Alipofika kwa Mzee Bakar, mzee alipaza sauti: "Bi Mwanapili, mpe na huyu sapu yake!" Akapewa bakuli la mchuzi mtupu, hata mfupa hamna.

Watu walipoondoka, alibaki akisugua sufuria.

"Bi Mwanapili, nitarudia mitihani yote. Maadili kwanza. Nikifaulu, utaridhia nije kuposa?"

Bi Mwanapili alinyamaza. Uso wa Kificho ukaanza kung'aa.

"Usifurahi, yakhe. Kimya cha ridhaa ni cha mwari. Mie mtalaka, sharti nitamke."

"Basi tamka."

Bi Mwanapili alimtupia kumbi jingine la nazi la kusugulia. "Chini bado peusi."

Kificho hakujua kama hilo lilikuwa jibu. Lakini alisema Bismillahi, yote, akaigeuza sufuria.