Mamba Wetu wa Matairi

Jumatano, 4 Juni
Nimeonewa! Mama mwenye meli kanisema mbele ya wenzangu wote. Eti abiria wanalalamika kwamba mwezi mzima wanatembezwa mtoni na mamba hawamwoni hata mmoja. Jumamosi wasipomwona, kipaza sauti anapewa fundi wa injini, mimi nisugue sitaha. Fundi wa injini! Mtu anayejiona mwimbaji kwa sababu mashine haina masikio. Kwani mamba nawafuga mimi?
Kipaza sauti sitoi. Bila hicho mimi ni nani humu melini? Nimepata wazo.

Ijumaa, 6 Juni
Mamba yuko tayari. Gogo moja, matairi mawili makuukuu, meno ya vijiko vya plastiki. Nilipoingia stoo nilishtuka mwenyewe. Kesho shemeji, kaka wa mke wangu, atajificha kwenye matete pale mto unapokata kona, amvute kwa kamba. Aliuliza kama hapo hakuna mamba wa kweli. Nikamjibu, wangekuwapo tungehangaika hivi?

Jumamosi, 7 Juni
Siku gani hii! Asubuhi mambo shwari. Maji yametulia, ndege weupe ukingoni, abiria juu sitahani na chai zao. Kwenye kona nikawaelekeza kushoto. Wote wakatazama kulia! Nikawasihi kwa kipaza sauti waachane na lile, ni gogo tu, mambo yako huku. Gogo likapiga miayo.
Kisha likajitosa majini, likaanza kuvuka. Matete yakatikisika. Mara shemeji huyo juu ya mti, kamba ingali mkononi, mamba wetu ananing'inia chini yake.
"Shemeji!" akaniita. "Huyu si wetu!"
Abiria walicheka hadi chai zikamwagika. Mama mwenye meli hakucheka. Shemeji tulimshusha baadaye, mgeni alipokwisha kwenda zake.

Jumapili, 8 Juni
Mikono inanuka sabuni. Fundi wa injini ameimba tangu asubuhi, na abiria wanamwitikia, wanafiki wale! Mke wangu hasemi nami. Kaka yake anasema na kila mtu.
Nimelitafakari kosa langu na nimeliona. Nani alinituma kuchagua mnyama aliyepo? Twiga, kwa mfano, mto huu hauna hata mmoja. Stoo kuna ngazi, na kopo la rangi ya njano halijafunguliwa. Shemeji ni mrefu, tena sasa kupanda amezoea.