Mikungu Kumi na Sita kwa Moja kwa Mia

Jumatatu, 2 Juni 2025, Kamachumu
Mvua. Mapipa yangu ya mbolea yananuka hadi barabarani. Joyness, mke wangu, ametamka: kikundi cha wakulima wa migomba kikiikataa mbolea hii Jumamosi, mapipa yatoke nyumbani, nami nikaombe tena kufundisha. Niliacha ualimu kwa ajili ya mapipa haya! Sirudi.

Jumanne, 3 Juni
Adventina, bibi shamba wetu, amechagua kwa kura mikungu yangu kumi na sita iliyokuzwa kwa mbolea ya mapipa, akaifunga vitambaa vyenye namba. Mikungu ya wanakikundi ina wastani wa kilo ishirini. Akasema tuanze kwa kudhani mbolea yangu haisaidii kitu, mpaka mizani itukatalie. Hatari ya kudanganywa na bahati tuikubali tano kwa mia; ikipunguzwa, ushahidi lazima uwe mzito zaidi. Lameki, mtetezi wa samadi, akacheka. Kicheko kile! Nikasema mimi si mtu wa tano, iandikwe moja kwa mia. Ikaandikwa, nikatia sahihi. Siku njema.

Alhamisi, 5 Juni
Nilikwenda Muleba kutafuta madumu. Narudi, namba tisa haipo. Mkungu mkubwa kuliko yote! Baba mkwe alikuja kutoka Ijumbi kutusalimia. Joyness anasema mkwe haondoki mikono mitupu, wala hapewi kamkungu ka aibu. Kitambaa amekifua, kimeanikwa. Kweli, hata mimi ningekata huo huo. Nimelala tangu nirudi, nimeelekea ukutani.

Jumamosi, 7 Juni
Imepimwa kumi na mitano iliyobaki. Wastani, kilo ishirini na moja na nusu. Nikaruka! Adventina akapiga hesabu, akatikisa kichwa. Kwa tano kwa mia ningeshinda. Kwa moja kwa mia, ushahidi hautoshi. Nikamsihi turudi kwenye tano.

"Mwalimu, kiwango hupangwa kabla ya kupima. Na hiki ulikipanga mwenyewe."

Kikundi kimechagua samadi. Joyness alianza kuviringisha pipa la kwanza kuelekea njiani. Imeniuma sana.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda kanisani. Nimewaza, kosa nimeliona: moja kwa mia ni kiwango cha waoga. Mapipa yatakaa kwa dada yangu Kagondo, tupime tena mavuno yajayo. Nimempigia Adventina aandike moja kwa elfu. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimemwambia alete karatasi, kalamu ninayo.