Ng'ombe Waliofunika Ngazi Yangu

Jumatatu, 10 Mei 2004

Mkoa mpya, ofisi mpya, kila mtu Babati anapata cheo. Bado mimi. Lakini kituo chetu cha masomo ya jioni hapa Maisaka kinatafuta mwalimu mmoja wa kudumu wa sosholojia, na tunaoitaka kazi ni wawili: mimi na Conjesta. Mkuu wa kituo, Mzee Isidori, atakaa darasani kwangu Ijumaa. Kazi hii naitaka kuliko chakula. Mama amechoka kunitambulisha kwa watu kama mwalimu wa muda.

Silaha ninayo. Kitabu kinene kutoka Ulaya, ndani yake imechorwa ngazi ya jamii zote duniani. Chini kabisa wafugaji. Juu kabisa watu wa treni na makoti. Conjesta hana kitabu. Yeye anawauliza wanafunzi kwao nani humzika nani, na nani humpa mtoto jina. Namhurumia.

Jumanne, 11 Mei

Nimewaagiza wanafunzi walete idadi ya ng'ombe wa kwao. Nitawapanga wote kwenye ngazi mbele ya Mzee Isidori. Marseli, kijana wa familia ya wafugaji kutoka nyanda za Hanang, akauliza kama ahesabu walio zizini au walio mali yao. Nikamwambia asinipotezee muda, ng'ombe ni ng'ombe.

Alhamisi, 13 Mei

Balaa. Salme, binti wa Mzee Msafiri mwenye duka la vitambaa, msichana asiyewahi kukanyaga samadi, kaleta ng'ombe wengi kuliko wote. Marseli, ambaye zizi lao limefurika, kaleta wachache. Ngazi imesimama kichwa chini! Nikamwambia Salme kwamba sosholojia haitaki uongo. Akajibu kwa adabu kwamba mwalimu anaweza kumuuliza baba.

Sikwenda kumuuliza. Nimebadilisha majibu yao yakae kitabu kinavyotaka. Sasa yanapendeza.

Ijumaa, 14 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nilichora ngazi. Marseli chini na ng'ombe wengi, Salme juu bila hata ndama. Mzee Isidori akawa anaitikia kwa kichwa. Ndipo Marseli aliposimama, akasema samahani mwalimu, ng'ombe wengi walioko kwetu ni wa kina Salme, tangu enzi za babu zetu. Wa kwetu wenyewe wako Singe, kwa rafiki wa baba yangu. Mwanafunzi wa Singe akasema ni kweli, na wa kwao wako Bonga. Mzee Isidori akampa Marseli chaki, akamwambia achore.

Akachora mistari. Nyumba hadi nyumba, mjini hadi nyandani, Mwislamu hadi Mkristo hadi mzee anayefuata dini ya mababu. Anayetunza anapata maziwa na samadi, mwenye ng'ombe anabaki kuwa mwenye ng'ombe. Ugonjwa ukiingia zizi moja, hawafi wote. Tena ni vigumu kumpiga rungu mtu anayekutunzia ng'ombe, akasema Marseli, na darasa likacheka.

Mimi sikucheka. Ngazi haikuonekana tena. Ubao mzima ulikuwa umeungana, nami nimezaliwa hapa hapa na sikuwahi kuyaona hayo. Niliogopa, kusema kweli, kama mtu anavyoogopa mbele ya kitu kikubwa sana.

Kisha mwanafunzi mmoja, jirani yetu, akaomba chaki, akavuta mstari hadi kwa mama yangu. Ng'ombe mwekundu tunayemkamua nyumbani ni wa baba yake Conjesta. Conjesta, aliyekuwa ameketi nyuma, akatazama sakafu. Alikuwa anajua siku zote.

Jumamosi, 15 Mei

Nimemuuliza mama. Yeye akashangaa kuona nashangaa. Baba Conjesta alimleta bibi yake ng'ombe huyu nilipokuwa sijaanza kutambaa, na maziwa yale ndiyo yaliyonikuza. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema mambo haya hayatangazwi, na isitoshe mimi sikuwahi kumuuliza, nilikuwa nauliza vitabu.

Nikaenda zizini kumtazama. Ng'ombe mmoja tu, na kwa ajili yake familia mbili hazijagombana miaka yote hii. Nilikaribia kumpa shikamoo.

Jumatatu, 17 Mei

Kazi kapewa Conjesta. Mzee Isidori amesema aliyaona majibu niliyoyafuta kwenye karatasi za wanafunzi. Conjesta akaja mwenyewe, bila kuringa, akaniomba nimsaidie kufundisha, tuanze na ile mistari ya Marseli. Moyo wangu ulilainika kabisa.

Hapo hapo nikapata wazo. Kazi ni yake, sawa. Lakini mtu mwenye akili huweka mali yake yote mahali pamoja? Ugonjwa ukiingia? Basi aiweke kazi hiyo kwangu niitunze. Mimi nipate maziwa, yaani mshahara, naye abaki kuwa mwenye kazi. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, nadhani kwa furaha.

Kesho namwona Mzee Isidori. Yeye hupenda ushahidi wa maandishi, kwa hiyo naitafuta sheria hii ya ng'ombe kwenye kitabu cha Ulaya. Nimefika karibu na mwisho, kwenye treni. Bado haijatajwa, lakini jambo kubwa namna hii haliwezi kukosa humu.