Fundi Aliyeponyesha Boite Bila Kuombwa

Kadutu, Bukavu, Jumatano

Kwa Bwana Président wa mafundi wa magari wa avenue yetu

Muheshimiwa Papa Président,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe, Maman Domitille wa nyumbani, na mafundi wote wenye mikono ya mafuta. Naitwa Marcellin, mwalimu wa jiografia, mwenye ile Toyota nyeupe ya otomatiki. Naandika kumushitaki fundi wako Mardochée. Alitengeneza gari yangu, nayo imepona.

Niseme ukweli wote. Kwa miaka tatu gari ile ilikuwa ikifika kwenye mupando inateleza: moteur inalia, magurudumu yanafikiri kwanza. Kwa hiyo sikuweza kwenda Nyangezi kwa baba mukwe wangu, Muzee Philémon. Na mimi, Papa Président, nilikuwa nimetosheka kabisa. Kule mume wa binti hapokelewi na chai, anapokelewa na panga. Ukimaliza kusalimia tu, unaonyeshwa shamba la migomba, unakata majani makavu mpaka jua linazama, na muzee amesimama nyuma yako anahesabu migomba uliyoruka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimuletea Mardochée gari abadilishe mafuta ya boite, ile giaboksi, basi. Yalikuwa meusi kama masizi. Yeye, bila ruhusa, akakata ule mupira unaorudisha mafuta kutoka kwenye radiateur yanapopozwa, akapachika filtre ya kuchuja katikati, akakaza pande zote mbili. Nilipouliza, alinieleza kwa adabu kwamba unga wa chuma ulikuwa unazunguka na mafuta na kuichosha boite. Nani alimutuma kujua?

2. Sasa gari inapanda. Vitesse, zile gia, zinaingia kimya kimya, kama waumini waliochelewa misa. Muke wangu Consolate alikuwa kando yangu tulipoijaribu. Alitabasamu tu, halafu akahesabu siku zilizobaki mpaka Jumamosi, siku ya kwenda Nyangezi.

3. Muzee ana miaka themanini na mbili. Kila Jumapili alikuwa ananipigia simu, na kabla ya kunisalimia anauliza boite imeamukaje. Aliiweka hata kwenye maombi ya wagonjwa parokiani! Juzi Consolate alimwambia imepona, na nasikia kwaya nzima ilipiga vigelegele. Mimi sasa nitasema nini, kwamba homa imerudi? Mardochée amenifanya muongo mbele ya Mungu na mbele ya wamaman wa kwaya.

4. Filtre yenyewe inaenea kwenye kiganja. Kitu kidogo vile kinavunja amani ya mutu muzima! Leo ni boite. Kesho atatengeneza simu yangu isiyoshika réseau, na kesho kutwa atanyoosha huu mugongo unaouma kila nikiona jembe. Wanaume wa Bukavu tutabaki na kisingizio gani?

Basi naomba filtre itolewe kabla ya Jumamosi, unga wa chuma urudishwe wote bila kupungua, na Mardochée aniandikie barua yenye muhuri kwamba boite imekata roho.

Nisalimie mafundi wote, na Mardochée pia, maana kijana hana roho mbaya.

Mimi mwenye kuonewa,
Marcellin

N.B. Nilichelewa kuileta barua hii, na Jumamosi ikanikuta. Tulifika Nyangezi bila kusimama hata mara moja. Muzee hakunipa panga. Mikono yake inatetemeka sasa, hawezi hata kulishika, na majani makavu yamefunika shamba lote. Hakuna aliyeniambia. Alikuwa ameniwekea kiti karibu na mulango, na miaka yote tatu aliwakataza watu kukikalia. Alinishika mukono, akauliza habari ya boite, halafu akalia. Mimi pia nililia, sifichi. Panga nililiomba mwenyewe.

Kwa hiyo filtre isiguswe. Ila Mardochée atafute ya pili, na haraka. Kuna Blanchard, aliyeoa mudogo wa Consolate, naye anasema boite yake ni mugonjwa tangu mwaka jana. Shamba ni kubwa, Papa Président, na mimi nimemaliza mistari miwili tu ya migomba.