Mzungu wa Mfano

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi kali. Mkuu wa chuo katangaza somo jipya: ubaguzi wa rangi na upendeleo wanaoupata wazungu. Atakayepewa somo ndiye atakayeajiriwa moja kwa moja. Tunaogombea ni walimu wawili wa kibarua, mimi na Winifrida. Alhamisi kila mmoja atafundisha kipindi mbele ya mkuu. Winifrida ana vitabu. Mimi nina akili!

Jumanne, 10 Juni

Nimepata kifaa cha kufundishia. Mzungu halisi! Anaitwa Hendriki, fundi wa injini za boti kule ziwani Kabwe, kaja mjini kutafuta spea. Nimemweleza kazi yake ni kukaa kimya, wanafunzi wamwone. Kaniuliza, kwa Kiswahili kilichonyooka, kama nina homa. Nikamnunulia chipsi kuku. Kakubali.

Winifrida kasikia, kacheka mpaka kashika ukuta. Wivu huo.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa! Nimewaeleza wanafunzi jinsi mzungu anavyopewa kiti cha mbele bila hata kuulizwa anafanya kazi gani. Kugeuka, mkuu kainuka, kampisha Hendriki kiti chake mwenyewe. Soda ikaja. Kitabu cha wageni kikaja. Mimi nimesimama, chaki mkononi.

Masalu, yule mwanafunzi mdadisi, akanyoosha mkono kusema mfano umeeleweka vizuri sana. Darasa zima likapiga makofi. Nikamtoa nje kwa utovu wa nidhamu.

Mkuu akamwomba mgeni aseme machache. Hendriki akasema hajasoma chuo chochote, anajua injini tu, na soda apewe mwalimu. Mkuu akasifu unyenyekevu wake. Soda haikunifikia.

Ijumaa, 13 Juni

Tangazo limebandikwa. Somo kapewa Hendriki! Hendriki mwenyewe kakataa, kasema injini zinamsubiri. Nikambebea begi mpaka stendi. Alilivuta, nikalivuta, nikashinda.

Kurudi, tangazo jipya. Kapewa Winifrida, kwa muda, mpaka apatikane mzungu mwingine. Nimejifungia ofisini nikalia. Miaka sita ya kibarua!

Jumamosi, 14 Juni

Nimetulia. Kosa langu nimeliona: nilileta fundi, tena mmoja. Nasikia Mwazye wamefika wazungu wawili, wote wana miwani. Jumatatu nawafuata, kisha namwomba mkuu kipindi kingine. Viti vyao vya mbele nimeshaazima, kwa Winifrida.