Jiwe la Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi

Nimegundua kinachoniua kibiashara. Ni msala! Choo kiko nyuma ya jengo. Nikienda haja ndogo, nikirudi namkuta mteja wangu kwenye kiti cha Bwana Povu, kinyozi wa mlango wa pili, kapakwa sabuni hadi masikioni. Leo wawili! Kuanzia kesho sinywi maji mpaka nifunge saluni. Nashangaa hakuna aliyewahi kuliwaza hili.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya tatu bila kuachia kiti. Wateja kumi na mmoja! Povu ananitazama kwa jicho la pembeni. Mkojo wa jioni ulikuwa rangi ya chai isiyo na maziwa, tena kidogo tu. Mgongo unauma kushoto, chini ya mbavu. Nimemwambia mke wangu godoro limechoka. Akauliza leo nimekunywa maji kiasi gani. Maji na godoro wapi na wapi!

Jumamosi, 9 Machi

Si godoro. Nikiwa katikati ya kichwa cha mwalimu mkuu, maumivu yalinishika ubavuni yakashuka hadi kwenye kinena. Nikajikuta sakafuni, nimekumbatia mguu wa kiti. Nilitapika. Nililia pia, naandika hapa tu. Na nani alinibeba? Povu! Alifunga saluni yake siku yenye watu wengi kuliko zote, akanishika mkono njia nzima hadi hospitali. Halafu akarudi kummalizia mwalimu mkuu. Hata nusu kichwa anachukua, mtu huyu.

Daktari kapiga picha. Jiwe, kwenye mrija unaotoka figo la kushoto. Akaeleza kwamba figo huchuja damu mchana na usiku, taka zikatoka na maji. Maji yakikosekana, chumvichumvi hugandana. Langu ni dogo, litatoka lenyewe, ila jiwe likiziba njia linaweza kuua figo. Nikasema ninalo lingine la akiba. Mke wangu akaangua kilio. Sikujua ananiogopea kiasi kile.

Jumanne, 12 Machi

Amri za daktari: lita tatu kwa siku, chumvi kidogo, na kila haja ndogo ipite kwenye chujio ili jiwe lidakwe. Mke wangu kachora mistari kwenye chupa kwa rangi ya kucha, kila mstari na saa yake. Nimeingia kazini na mpango: maji yote kwenye mmea wa mlangoni. Jioni nikamwonyesha chupa tupu, kifua mbele. Hata hakuitazama. Akataka kuona mkojo! Rangi ileile ya chai. Akaenda moja kwa moja kwa Povu.

Jumatano, 13 Machi

Sasa Povu ndiye mlinzi wa chupa. Mstari ukifika, anaingia na kunisimamia, mikono kiunoni, mpaka nimeze. Nikienda msalani, anakaa mlangoni kwangu na kuwaambia wateja wangu wasubiri kidogo, narudi. Na wanasubiri! Sijajua anatafuta nini. Nachunguza.

Ijumaa, 15 Machi

Limetoka! Nilitarajia kokoto la ujenzi. Ni vipunje viwili, vidogo kuliko chenga za mchele. Aibu gani hii! Chujio nililopewa lilikuwa limetoboka, nikachukua la chai, jipya. Nimeliosha mara tatu na kulirudisha. Jioni mama mkwe kaja, kaisifu chai. Nimefunga mdomo.

Daktari kachukua kipunje kimoja akapime. Figo salama, ila nisipokunywa maji, mawe yatarudi. Mke wangu kanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Nampenda mno.

Jumatatu, 18 Machi

Kipunje cha pili nimekiweka kwenye kichupa, juu ya pamba, mbele ya kioo cha saluni. Watu wanamiminika! Wanauliza, nasimulia, nawanyoa. Saa nne Povu kaja na chupa. Nikamwambia leo kiti hakiachiki, nani atawasimulia? Akasema ninywe tu niende, atasimulia yeye, kwani alikuwepo tangu mwanzo.

Kumbe! Anataka jiwe langu! Alipogeuka, nikaumwagia mmea chupa nzima. Umeanza kuchanua.

Mgongo unauma kidogo, safari hii kulia. Lazima tununue godoro.